REBOUND: programu ya bure kwa walimu wa fizikia

Naipenda sana programu hii ya kuiga jinsi nyota na sayari zinavyovutana na kuzungukana. Ni ya bure, unaiendesha kwa Python (lugha ya kuandikia programu), na kompyuta ya kawaida inaimudu. Niliijaribu kwa TRAPPIST-1: sayari saba zinazokaribiana na Dunia kwa ukubwa, zimebanana kwenye nyota ndogo iliyo umbali wa miaka ya nuru 40 hivi. Ya ndani kabisa humaliza mzunguko kwa siku 1.5, ya nje takriban 19. Ukizipanga ovyo, mara nyingi mfumo huvurugika mapema. Ukizifuatanisha kwa uwiano halisi wa mizunguko yao, 8:5 (ya kwanza ikizunguka mara 8, ya pili huzunguka mara 5), kisha 5:3, 3:2, na kuendelea, zinashikana kama wacheza ngoma, na wanafunzi wangu hawataki kutoka darasani! Asiyejua kuandika msimbo atafute mtu wa kumwanzisha.