Cherehani ya kwanza ya nyumbani: ipi ununue, ipi usubiri nayo, ipi uiache dukani

Binti wa shangazi yangu anaishi Nyamasaria, Kisumu, na ana watoto watatu. Mwezi wa kwanza, shule zilipokuwa zinakaribia kufunguliwa, alinipigia simu kuniambia amechoka kulipa fundi kila sketi ya sare inapofumuka upindo. Alitaka kujifunza kushona, na alitaka nimtajie cherehani ya kununua. Badala ya kumtajia nikamuuliza: utashona vitambaa gani, stima kwenu hupotea mara ngapi, na fundi anayetengeneza cherehani yuko karibu nawe? Hayo ndiyo niliyoyatumia kuzipanga hizi. Jina lililoandikwa kwa rangi ya dhahabu shingoni mwa mashine linakuja nyuma kabisa, maana vibandiko vya majina hayo huuzwa, na mtu yeyote anaweza kuvibandika popote.

Ya kwanza: cherehani ya kukanyaga, kichwa cheusi cha chuma

Ukipita kwenye varanda za maduka ya Kondele, Luanda au Bungoma mjini, ndiyo hiyo unayoiona mbele ya mafundi. Inashona mshono mmoja tu, wa kunyooka. Wanaoanza hudhani huo ni upungufu mkubwa, lakini hebu hesabu vitu unavyotaka kushona mwaka wa kwanza: foronya, pazia, aproni, dera, sketi ya shule, kupinda leso. Vyote ni mshono wa kunyooka. Kingo za kitambaa zisichanike nyuzi, unazipinda mara mbili, au unashona mshono wa kuficha: unashona kwanza ukiwa umegeuza kitambaa upande wa nje, unapunguza ukingo, unakigeuza, kisha unashona tena ili ukingo ubaki umefungwa ndani. Nguo iliyoshonwa hivyo hudumu kuliko nyingi zilizopitishwa ovaloki (mashine ya kufunga kingo kwa nyuzi) haraka haraka.

Jambo la pili ni vipuri. Vichwa vingi vyeusi, viwe Singer, Butterfly ya Shanghai au visivyo na jina lolote, vimefuata muundo mmoja wa zamani wa Singer. Kwa hiyo kikasha cha bobini, bobini zenyewe (vile vigurudumu vidogo vya uzi wa chini), mkanda wa ngozi na sindano utavipata karibu kila mji wa magharibi mwa Kenya, na fundi aliyetengeneza moja ataweza kutengeneza yako. Mkanda ukilegea, hauhitaji hata fundi: unakata kipande kidogo, unatoboa tundu jipya, unarudisha waya wake. Na siku utakapotaka mwendo wa kasi, nyuma ya kichwa pana mahali pa kufungia mota ndogo. Stima ikipotea, unarudi kwenye miguu na kazi inaendelea.

Shida yake ni miguu yako yenyewe. Mwanzoni gurudumu hurudi kinyumenyume, uzi unakatika na moyo unavunjika. Dawa ipo. Katikati ya gurudumu la mkono pana skrubu kubwa ya mviringo. Ilegeze, sindano itatulia hata gurudumu likizunguka. Sasa kanyaga tu, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, huku ukilianzisha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako. Wengi niliowafundisha walizoea kwa siku tatu au nne.

Mpya au iliyotumika? Iliyotumika, ikiwa kichwa ni kizima na miguu ni ile ya zamani ya chuma kizito. Mpya nyingi huja na meza za mbao za kugandishwa ambazo huvimba zikipata maji, na miguu myepesi inayotikisika ukikanyaga. Ya kwangu ilikuwa ya mama aliyeacha kazi ya ufundi kwa sababu ya macho. Imeshona kwangu miaka mingi na bado hailalamiki.

Kuijaribu ndiko kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Tulienda na binti wa shangazi Kibuye siku ya Jumapili, soko likiwa limefurika. Nilikuwa nimembebesha vipande vitatu vya kitambaa kutoka nyumbani: kitenge, jinzi kuukuu na bitana laini. Muuzaji huwa na kitambaa chake cha kuonyeshea, pamba ngumu iliyonyooka, na karibu kila cherehani hushona vizuri juu ya hicho. Tulipotoa vyetu, muuzaji alisita kidogo. Mzee mmoja fundi aliyekuwa ameketi kando akavuta stuli akamwambia ndugu yangu, "Kaa, mama, ushone mwenyewe." Akashona mstari kwenye kitenge. Ulipendeza. Mzee akasema neno moja tu: "Geuza."

Chini kulikuwa na vitanzi vilivyolegea, mstari mzima. Hapo mnunuzi mgeni huikimbia mashine nzuri, au huinunua mbovu kwa kuambiwa "itakaa sawa." Fanya hivi kwanza. Inua mguu wa kubana kitambaa, toa uzi wa juu wote, upitishe upya. Mguu ukiwa umeshushwa, visahani vya kubana uzi huwa vimefungwa na uzi hukaa juu yake badala ya kuingia kati. Matokeo ni vitanzi chini. Vitanzi vikiendelea, kaza skrubu ya visahani hivyo kidogo kidogo. Uzi wa chini ukivutwa hadi ukaonekana juu, basi wa juu umekaza mno, ulegeze. Kikasha cha bobini nacho kina kipimo chake: kishike kwa uzi wake tu, kining'inie hewani, kisha utikise mkono. Kikishuka kidogo na kusimama, ni sawa. Kikianguka moja kwa moja, kimelegea. Kisiposhuka kabisa, kimekazwa sana. Ile ya Kibuye ilikuwa na shida ya uzi uliopitishwa vibaya tu. Mstari wa pili ulitoka sawa juu na chini.

Bado hatukulipa. Shika nguzo inayobeba sindano na uitikise. Ikicheza ubavuni, mashine imelika. Pitisha kucha kwenye tundu la bamba ambapo sindano huingia: ukihisi mikwaruzo, uzi utakuwa unachanika hapo kila siku. Angalia meno yanayosukuma kitambaa kama bado yana ncha. Kisha kunja jinzi mara nne na uipitishe polepole. Mwisho shona bitana, maana kitambaa laini hufichua mkazo mbaya wa uzi ambao jinzi huuficha. Tulitumia karibu saa nzima, na hakuna muuzaji mkweli aliyewahi kunikataza.

Ya pili: ya stima ya nyumbani, yenye zigizaga

Kama stima yako ni ya kuaminika na unataka kushona fulana, nguo za michezo au vitambaa vinavyovutika, hii ndiyo yako. Mshono wa kunyooka hukatika kwenye kitambaa kinachovutika, zigizaga, yaani mshono wa kupinda kushoto na kulia, hunyumbuka nacho. Pia inakutengenezea matundu ya vifungo, kazi ambayo kwa mkono inachosha. Usibabaishwe na idadi ya mishono kwenye boksi. Kati ya mishono mia utatumia minne. Tafuta yenye fremu ya chuma ndani. Ibebe kwa mkono mmoja, na ikiwa nyepesi kama sufuria tupu, itarukaruka mezani. Janome, Brother na Singer wana mashine nzuri za aina hii, lakini muulize fundi wa karibu kama ana vipuri vya modeli hiyo kabla ya kulipa. Jinzi la mikunjo mingi usiilazimishe.

Kwa za mitumba kuna jambo ambalo liliniuma na sitaki likuume. Niliwahi kununua moja safi kabisa, iliyotoka Japani, nikaichomeka nyumbani. Haikufika mwisho wa mstari wa tatu. Ilitoa harufu ya plastiki, kisha moshi, kisha ikanyamaza, na aliyeniuzia akasema iliwaka vizuri kwake. Stima ya Kenya ni volti 240. Ya Japani ni 100, ya Marekani ni 120. Kila mashine ina kibandiko au bati dogo nyuma, au chini, au karibu na pale waya unapoingia, lenye namba hiyo. Lisome kabla hujasoma kitu kingine chochote. Ikiwa ni 100 au 120, utahitaji transfoma ya kushusha stima, nayo ni gharama na uzito, mimi naziacha.

Ya tatu: ya mkono

Ni kichwa kile kile cheusi chenye mpini wa kuzungusha. Kwa chumba kidogo au kumfundisha mtoto wa miaka kumi ni nzuri sana, kwa kuwa haikimbii. Mkono mmoja tu ndio unaobaki kuongoza kitambaa, kwa hiyo pazia refu litakutesa. Wengi baadaye huhamishia kichwa hicho kwenye meza ya kukanyaga.

Ya kusubiri nayo: ya kiwandani na ovaloki

Juki DDL-8700, ambayo mafundi wengi wa sare wanaipenda, inaweza kufika mishono 5,500 kwa dakika. Kwa mtu ambaye bado anatafuta mstari, hiyo ni kasi ya kutisha, na hushona kunyooka tu. Ukifika hatua ya kuchukua oda za shule, rudi kwake, na uchague yenye mota ya servo: haipigi kelele ukiwa umetulia, unaweza kuipunguza kasi, na inatumia stima kidogo. Kumbuka sindano zake ni za shina la mviringo, haziingiliani na za nyumbani zenye shina lililobapa upande mmoja. Ovaloki nayo ni ya kumalizia kingo. Haiwezi kuchukua nafasi ya cherehani. Hadi hapo, mpelekee fundi wa ovaloki sokoni akupitishie kwa pesa kidogo.

Ya kuacha dukani

Zile za kushika mkononi kama stepla, zinazotumia betri. Hushona mshono wa mnyororo wa uzi mmoja. Ukivuta ncha yake, upindo wote unafumuka mbele ya macho yako. Zile ndogo za plastiki za mezani zina bobini, ndiyo, lakini kitenge mara mbili tu kinazisimamisha. Pesa hiyo iweke kwenye chama uongezee baadaye.

Ukishanunua

Bakiza pesa ya makasi ya kitambaa pekee (watoto wasikatie karatasi), tepu, chaki na sindano namba 11 za vitambaa vyepesi, 14 za kitenge na pamba, 16 za jinzi. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, na uzi huingilia upande huo wa mfereji; ukiiweka kinyume mashine itaruka mishono na utaihukumu bure. Nunua mafuta ya cherehani yenyewe, meupe kama maji. Ya kupikia huganda ndani na nimeona vichwa vizima vikikwama kwa ajili yake. Tone moja kila tundu, kisha shona kitambaa kibovu mpaka kisipate tena doa la mafuta.

Wiki ya kwanza usitumie uzi kabisa. Chana karatasi kutoka daftari la watoto, ipitishe chini ya sindano na ufuate mistari, matundu yaangukie juu ya mstari. Kwenye kona, zamisha sindano, inua mguu, geuza karatasi, shusha. Matundu yakinyooka, weka uzi na uanze foronya.

Na siku ya kuibeba nyumbani kwa tuktuk, toa mkanda, ng'oa kichwa mezani na ukipakate mapajani kikiwa kimefungwa kwa leso. Meza na miguu vinaweza kwenda nyuma. Ukifika, zungusha gurudumu kwa mkono mara kadhaa kabla ya kukanyaga, usikie kama kuna kitu kimesogea njiani.