MTBE kwenye maji ya kisima: mnara wa hewa au mkaa amilifu?
Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, California, ulifunga visima vyake vya Charnock kwa sababu ya MTBE, kiongezi cha petroli kinachoyeyuka upesi majini na kusafiri mbali kuliko benzini, kemikali nyingine iliyomo kwenye petroli.

Mnara wa hewa, ambamo hewa hupulizwa kupitia maji yanayoshuka ili ibebe uchafu, una nafuu ya gharama maji yakiwa mengi na uchafu mzito. Ila MTBE hubanduka majini kwa shida, kwa hiyo hewa hutakiwa nyingi, mara nyingi zaidi ya ujazo 100 kwa ujazo 1 wa maji. Chuma na chokaa huziba mnara, na hewa itokayo nayo huenda ikahitaji kusafishwa.

Kwa kisima cha nyumba moja, mkaa amilifu, unaonasa uchafu maji yakipita, ni rahisi zaidi, hasa wa vifuu vya nazi. Unganisha matangi mawili ya mkaa mfululizo, pima maji katikati. MTBE ikionekana hapo, badilisha mkaa wa kwanza, na tangi la pili litangulie. Benzini ikiwepo, mkaa huchoka mapema.

TBA, alkoholi inayobaki MTBE ikivunjika, huzishinda njia zote mbili. Ipimeni kabla ya kununua chochote! Ikiwa nyingi, kinachofaa ni tangi la bakteria wanaoila, lenye oksijeni ya kutosha.