Kikokotoo kilichoniambia Iqaluit mpaka Pangnirtung ni dakika 22

Mnisamehe, naandika nikiwa bado na hasira.

Kile kikokotoo cha mtandaoni, unachoandika mji huu na mji ule kikakupa umbali na muda wa ndege, nakipa nyota moja. Hiyo moja ni ya kilomita, maana walipatia: 300 hivi kwa mstari ulionyooka kati ya Iqaluit na Pangnirtung, miji ya Nunavut, kaskazini mwa Kanada. Lakini dakika 22? Za ndege ipi? Wamechukua mwendo wa jeti, wakagawanya, basi. Jeti haitui Pang, yaani Pangnirtung! Kiwanja ni kifupi, cha changarawe, kiko katikati ya nyumba za watu, milima huku na huku, na fiodi, ule mkono mwembamba wa bahari kati ya milima, hapo hapo. Inayokwenda ni pangaboi, na siku ikiwa njema ni kama saa nzima.

Yangu haikuwa njema. Nilikuwa na mapumziko ya siku tatu, nampelekea mdogo wangu sembe na dagaa. Ni nesi kule, ana mwezi tu tangu ahamie, Kiswahili anakisikia kwenye simu. Tukapandia mlango wa nyuma, kwa sababu mbele wamejaza mizigo. Karibu na kufika nikaona kilele cheusi cha jiwe kimechomoza juu ya mawingu. Ndege ikalala upande, kilele kikahamia dirisha la pili. Rubani akatangaza upepo umechafuka kwenye fiodi, tunarudi Iqaluit.

Kaunta nikauliza, "Dada samahani, ya kesho inaondoka saa ngapi?" Hakuinua hata macho. "Tazama nje." Nimelipa nauli, nimekumbatia boksi la dagaa, naambiwa nitazame nje! Nilitaka kuwaambia msipande kabisa shirika lile. Lakini mtapanda nini? Nunavut nzima hakuna barabara ya kutoka mji mmoja kwenda mwingine, na meli za mizigo zinasubiri kiangazi barafu iachie.

Pembeni alikaa mama mmoja Muinuk, wale wenyeji wa asili wa huko, ametoka hospitali, anarudi kwao, siku ya nne yuko pale pale. Akaniambia, "Ajurnarmat." Ndivyo wanavyosema kwa jambo ambalo halina la kufanya. Yeye hakupandisha sauti. Mimi nilipandisha, na sijutii. Mgonjwa anastahili kiti cha maana, chai, na mtu wa kumtazama usoni anapomjibu.

Kesho yake hawakuruka. Keshokutwa mapumziko yangu yakaisha.

Rubani nampa tano, kile kilele nilikiona kwa macho yangu. Kikokotoo nakinyang'anya hata ile moja. Nilikuwa nimemtumia mdogo wangu zile dakika 22 naye akaziamini, akabandika maji ya ugali, akatoka kusimama kwenye uzio wa kiwanja. Alikaa kwenye baridi ile mpaka akasikia ngurumo yetu inakuja juu ya mawingu, halafu akaisikia inaondoka.