SPECFEM2D na pango la Amboni: kasi tamu, wavu mchungu

Karibuni tena, watazamaji wangu, hapa Tanga. Leo tunaichambua SPECFEM2D, programu ya bure inayoigiza mawimbi yanavyopita ardhini, na habari za kuipakua naziruka kwa kuwa wengi wenu mnayo tayari.

Kinachonifurahisha ni matriksi ya tungamo, yaani jedwali la namba linaloonyesha uzito wa ardhi ulivyogawanywa kwenye pointi za hesabu. Katika mbinu ya kawaida ya elementi ukomo, inayoikata ardhi vipande vidogo viitwavyo elementi, kila pointi imefungamana na jirani zake, hivyo kila hatua ya muda inakudai utatue mfumo mzima wa milinganyo. Hapa integrali hukokotolewa kwenye pointi zilezile zinazobeba majibu, ziitwazo pointi za Gauss-Lobatto-Legendre, matriksi inabakiwa na namba za mshazari peke yake, na kazi yote ya kutatua inakuwa kugawanya tu. Mbinu mama, ya elementi spektra, mtafiti Anthony Patera aliitumia kwa vimiminika mwaka 1984. Kwenye mitetemo ya ardhi imepata makao hasa.

Tazameni kioo. Huu ni mwamba wa chokaa wenye pango, kwa mfano wa Amboni yetu, ila kasi nimezichagua mwenyewe: mita 4000 kwa sekunde kwa wimbi P, lile la kusukuma na kuvuta, na 2000 kwa wimbi S, lile la kutikisa kando. Marudio ya juu ni hezi 200, kwa hiyo wimbi fupi kabisa lina urefu wa mita 10, nalo linatoshwa na elementi moja ya mita 10 yenye pointi 5 kila upande. Pointi hizo hazikuachana sawasawa. Za pembeni zimekaribiana hadi mita 1.7 hivi, na ukaribu huo ndio unaoamua hatua ya muda, kwa kuwa wimbi halipaswi kuruka pengo hilo kwa hatua moja. Nikiweka sekunde 0.0001, oneni wimbi linavyogonga ukuta wa pango, sehemu ikarudi, sehemu ikazunguka na kukutana upande wa pili. Sasa naweka 0.0004, sibadilishi kingine chochote. Mmeona? Namba zimepanda bila kikomo na programu imesimama, ikitangaza kwamba hesabu imeripuka.

Bei yake ni sifuri, mbali ya umeme wenu. Kuhusu mipaka inayomeza mawimbi, video yake inakuja, kwa hiyo jiungeni na chaneli.

Kinachonikera ni wavu, yaani mpangilio wa elementi zinazoijaza ardhi. Programu hii inataka elementi za pembe nne tu, na kuzipanga kuzunguka pango lenye kona kona ni adha, maana elementi moja ikibanwa hadi ikawa nyembamba, inapunguza hatua ya muda ya mfano mzima. SeisSol, programu nyingine ya mitetemo ya ardhi, hutumia piramidi za pembe tatu, hivyo maumbo magumu yanaipa shida kidogo, lakini kila elementi yake hubeba majibu yake peke yake hata mipakani, na yenyewe ni ya vipimo vitatu. Kwenye kompyuta mpakato yangu siitamani. Mimi nabaki na SPECFEM2D, na kuta za pango nazilainisha kabla ya kuchora wavu.