Eti nitupe jiko zima kwa ajili ya mpira wa mfuniko!

Nianze kwa kusema sina ugomvi na jiko lenyewe. Au ninao, sijui. Ngojeni niseme yote kwanza.

Nililinunua Kariakoo, jiko la presha la umeme, kipindi kile kila ukifungua redio ni nishati safi ya kupikia. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, nami nikasema haya, nisije nikabaki kwenye wale ishirini. Na kweli lilinikosha. Makande niliyokuwa nayainjika kwenye mkaa adhuhuri yaliwe usiku, humu yanaiva ndani ya saa moja. Nilikuwa nasimama mbele ya mita ya LUKU kama askari kanzu: sufuria imejaa, na uniti moja haijaisha! Mvuke umefungiwa ndani, umeme unajikata wenyewe presha ikitosha. Habari za kopo la mkaa nikazisahau.

Basi siku moja likaanza kupuliza. Fssss, ubavuni. Maharage saa nzima na nusu, bado magumu kama kete za bao. Kufungua, ule mpira wa mfuniko umelegea, una ufa usiozidi ukucha. Nikauvua, nikautia kwenye mkoba, nikapanda daladala hadi duka lile lile nililolinunulia.

Kijana wa pale, macho kwenye simu, hata kuutazama hakuutazama. "Mama, hizo spea hatuleti. Chukua jipya, kuna ofa." Nikamwambia jiko langu linawaka, sufuria haina hata mkwaruzo. Akacheka. "Hilo wape wa vyuma chakavu, utapata hela ya soda."

Jamani! Mimi ninayezika maganda ya ndizi kwenye ndoo za mchicha ili taka zipungue, leo nitupe chuma, nyaya na plastiki kwa sababu ya kampira ninakoweza kukavaa shingoni kama mkufu? Sasa hapo tumeokoa mazingira ya nani? Risiti yangu akanirudishia kwa vidole viwili, kama nimempa samaki aliyevunda. Pole hakusema. Nilitoka nikiapa kumwambia kila mtu arudi kwenye mkaa, mkaa haujawahi kudai mpira.

Wiki haikuisha, fundi redio wa mtaani kwetu akanichomolea mpira kwenye jiko la mtu lililoungua saketi, elfu tatu. "Dada, ukimaliza kupika uvue, uoshe, uanike. Mafuta yakikaa ndiyo yanaulegeza." Maneno hayo dukani hakuna aliyeniambia siku nanunua.

Makande ya jana yameiva vizuri, ila yana kaharufu ka pilau ya huyo mwenye mpira wa kwanza. Mpira nimeuloweka kwenye limau, hakatoki. Jiko nalipa nyota nne, wiki iliyopita ningelipa sifuri. Lile duka, nikipita ule mtaa navuka barabara.