Fundi wa ghorofani Kariakoo: bakapu yangu imeacha kugoma

Nyota nne. Ya tano nimembania makusudi, nitasema kwa nini.

Nina studio ya picha Magomeni. Harusi, send-off, kipaimara, zote zinaishia kwenye kompyuta moja ya Linux, mfumo unaokaa mahali pa Windows, aliyonifungia mdogo wangu kabla hajahamia Dodoma. Aliniwekea rclone, ile programu ya bure ya kupandisha mafaili mtandaoni, akaipanga ianze yenyewe nikiwasha mashine. Ikawa inagoma. Asubuhi nawasha, nafagia, nikirudi hakuna picha hata moja iliyopanda. Nikiandika amri ileile kwa mkono wangu, zinapanda chapuchapu.

Duka la kwanza nililokwenda, silitaji tusije tukagombana, walinibadilishia paswedi mara mbili, wakala 40,000 yangu, kisha wakaniambia mashine imechoka, ninunue nyingine. Ya kwao, bila shaka.

Huyu nilielekezwa na jirani wa duka la dawa. Yuko Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya pili, juu ya wauza makava ya simu. Ngazi zina giza, shika ukuta. Kijana mmoja, meza moja, feni inayolia.

"Dada, ukiianzisha mwenyewe inakubali?"

"Inakubali."

"Basi achana na paswedi. Anayekataliwa siyo wewe."

Akazima, akawasha, akanikataza kugusa kitu. Halafu akaandika journalctl -b, amri ya kuonyesha kumbukumbu za mashine tangu ilipowashwa, na jina la huduma, yaani ile rclone inayojiwasha yenyewe, tukasoma wote. Jibu lilikuwa hapo siku zote: inalalamika haikuona faili ndani ya /root, folda ya root, yule msimamizi mkuu wa mashine. Kumbe nikiandika mimi, programu inasoma faili la mipangilio lililomo kwenye folda yangu, na tokeni ya kuingilia imo humo. Ikijiwasha yenyewe inafanya kazi kwa jina la root, inaenda kutafuta kwa root, ambako hakuna kitu. Umemtuma mtoto dukani, hela umebaki nazo kwenye pochi.

Nikamwambia basi alinakili hilo faili alipeleke huko kwa root. Akagoma. Humo mna ufunguo wa picha za watu, ya nini kuutawanya? Akaongeza mstari mmoja tu kwenye maelekezo ya huduma, User= na jina langu la kwenye mashine, ili ifanye kazi kwa jina langu, akazima na kuwasha mara tatu. Zote tatu ikakubali.

Kesho yake Magomeni, imegoma tena.

Nilimpigia sauti iko juu, nakiri. Akanisikiliza, akauliza intaneti yangu ni ya waya au Wi-Fi. Yeye pale mezani alichomeka waya wa ruta. Mimi ni Wi-Fi, na paswedi ya Wi-Fi ilikuwa imehifadhiwa kwa ajili yangu peke yangu, kwa hiyo mashine haishiki mtandao mpaka niingie kwa jina langu. Huduma inakuwa imeshaamka, imepiga hodi, haikuitikiwa, imelala. Akanielekeza kwenye simu: fungua mipangilio ya Wi-Fi, weka tiki panaporuhusu watumiaji wote, hifadhi. Kisha akanisomea, herufi kwa herufi, mistari ya kuisubirisha mpaka network-online.target iwe tayari, yaani mtandao umeshashikwa, na ya kuifanya ijaribu tena kila ikishindwa, Restart=on-failure na RestartSec=30. Hakunidai hata mia. Lakini swali la Wi-Fi lilitakiwa liulizwe nikiwa bado nimekaa mbele yake, na nyota imeondokea hapo.

Hii ni wiki ya tatu. Juzi umeme ulikatika nikiwa sokoni. Uliporudi, binti anayenisaidia alibonyeza kitufe cha kuwasha, basi. Paswedi yangu haijui, kioo kilibaki pale pale pa kuingilia. Nikafungua simu kwenye foleni ya nyanya, picha za kipaimara cha Jumapili zinapanda moja moja.

Nililipa 35,000, na anakuandikia risiti ya mkono yenye maelezo ya alichobadilisha, jambo ambalo sijaliona kwa mafundi wengi. Nenda na hela kamili, chenji hana. Ijumaa anafunga saa sita kwenda kuswali, anarudi saa nane.