Semina ya pete ya kuzuia VVU, Wete: nyota tatu kati ya tano

Wiki iliopita nimekaa siku mbili kwenye semina ya wanawake hapa Wete, Pemba, ukumbi wa skuli, imeandaliwa na asasi moja ya afya, jina naliacha. Mada ni dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ambazo mwanamke anajiwekea mwenyewe ukeni, jeli na pete. Mie ni mhudumu wa kujitolea wa afya ya jamii kwenye shehia yetu, nimepanda gari kutoka Konde asubuhi mapema na daftari langu mkononi. Nyota tatu. Ilikuwa iwe nne lakini siku ya pili imeniumiza roho.

Nianze na nesi aliotufundisha mana yeye peke yake ningempa tano. Katoa pete kwenye mkoba akatupa tuishike, ikazunguka mkono kwa mkono, laini, ya silikoni, inakunjika kama mpira wa kufungia nywele. Ndani yake mna miligramu 25 za dawa inaitwa dapivirini, inatoka kidogo kidogo palepale ukeni kwa mwezi mzima, mwezi ukisha unaitoa unaweka mpya, unaiweka mwenyewe bila ya daktari. Kabla ya kupewa lazima upime kwanza, ukiwa tayari una virusi hii si yako, unakwenda kuanza dawa za kutibu. Haizuii mimba wala haizuii kaswende na kisonono. Bibi mmoja kauliza haitopotea humo ndani ikapanda tumboni? Nesi kachora ubaoni mlango wa kizazi akaonesha hakuna pa kupita, ukumbi mzima tukashusha pumzi.

Kilichonifurahisha zaidi hajatuficha yalioshindikana. Wafadhili wengi wakija huku wanakuja na mazuri tu. Yeye katuambia kulikuwa na dawa inaitwa nonoksinoli-9, watu walitumai sana, matokeo yakatoka mwaka 2000 yakaonesha wanawake waliokuwa wakiitumia mara nyingi ndo walioambukizwa zaidi, mana ile dawa ilikuwa inachubua ngozi ya ndani. Hapo akatuangalia akasema sasa na hizi shabu na dawa za kujibana uke tunazotumia sisi fikirieni zinafanya nini. Kimya. Kwakweli sijawahi kusikia mtu anaeleza suala la shabu kwa namna ile, bila ya kututukana wala kutuita washamba, kwa mfano wa dawa ya kizungu ilioharibika.

Afu akaja kwenye jeli ya tenofovia, utafiti wa Afrika Kusini wa profesa Quarraisha Abdool Karim na wenzake, wanawake 889, mwaka 2010 wakatangaza imepunguza maambukizi kwa asilimia 39, dunia ikafurahi. Tafiti zilizofuata hazikuona faida ile. Kwenye mmoja ulioitwa VOICE wanawake walisema wanaitumia, damu ilipopimwa dawa ilionekana kwenye robo tu ya sampuli za wale wa jeli. Mwenzangu niliokaa nae kasema waongo wale, mie nikamwambia shoga si uwongo, mtu anaogopa mume ataiona, anaogopa wifi, nyumba moja chumba kimoja hiyo jeli utaiweka wapi, na anaona aibu kumwambia daktari sikuitumia. Hilo ndo somo lenyewe na hapo ndo nilitaka semina ikae saa nzima, wakapita dakika mbili.

Sasa yalioniudhi.

Kwanza jina. Siku nzima dawa hizi za kuweka ukeni wanaziita maikrobisaidi, maikrobisaidi, kwenye bango la ukutani limeandikwa hivohivo, nimehisabu watu kumi na moja karibu yangu wamelitamka kila mtu kivyake, wengine wanafikiri ni jina la kampuni. Kitu mtu hawezi kukitaja hawezi kukiuliza, akifika kituoni atasema nataka nini? Mnakuja kutayarisha jamii, kaeni kwanza na wanawake wa hapa wakwambieni wao wangeiitaje.

Pili hisabu. Kuna kijana mtoa mada katuambia pete inakinga vizuri sana basi. Nesi siku ya mwanzo alishatupa namba, tafiti mbili kubwa zilizotangazwa 2016, moja asilimia 27 nyengine 31, yani kama bila pete wangeambukizwa wanawake 100 basi na pete wangeambukizwa kama 70 hivi. Inasaidia, na Shirika la Afya Duniani limeipendekeza Januari 2021 kama nyongeza ya kinga nyengine, lakini si ukuta. Na wale wa miaka 18 mpaka 21 kwenye utafiti mmoja hawakuonekana kukingwa, waliivaa kidogo kuliko wakubwa. Mbele yangu walikaa wasichana watatu wa umri huohuo, na kijana hajalisema hili hata mara moja. Hili mie siwezi kulisamehe mana mtoto wa mtu atatoka pale anajua yuko salama.

Tatu maswali ya dini. Tuko Pemba, hamkujua yatakuja? Mtu akiwa nayo josho la janaba linatimia? Akiiweka mchana wa Ramadhani saumu yake iko vipi? Hedhi je? Kwenye hedhi nesi kajibu kitabibu hakuna haja ya kuitoa, yaliobaki kasema si fani yangu na kasema kweli. Lakini hakualikwa shekhe wala ukhti mmoja msomi wa kujibu, na mie nawaambia mwanamke wa huku asipopata jibu la saumu yake ile pete haivai, hata ikiwa inakinga mia kwa mia. Tena siku ya pili wamepanga kipindi kirefu katikati ya adhuhuri, nusu ya watu wametoka kusali wakarudi wamekosa kila kitu.

Na karatasi ya mahudhurio! Jina, shehia, namba ya simu, inapita mkono kwa mkono juu imeandikwa semina ya VVU. Wawili wameondoka pale pale. Kisiwa hiki tunajuana, ukionekana na kichupa cha vidonge vya kinga watu wanasema tayari una virusi unakunywa dozi, ndo mana pete inavutia mana haionekani wala hailii kwenye mkoba kama vidonge. Sasa mnaleta kitu cha siri kwa njia ya mbiu ya mgambo.

Kuna aliosema Zanzibar maambukizi hayafiki asilimia moja, haya yote ya nini. Nesi kamjibu wagonjwa wa mwanzo wameonekana hapa 1986 na bado yapo, na wanaopata hawajaandikwa usoni. Sindano ya mara mbili kwa mwaka, lenakapavia, nayo imeulizwa, ile iliotikisa watu 2024 baada ya wanawake zaidi ya 2,000 wa Afrika Kusini na Uganda kudungwa na hata mmoja asiambukizwe. Wakasema muda umekwisha. Kituoni kwetu pete yenyewe bado sijaiona, na mwisho wa semina hakuna aliotwambia itafika lini au tukiulizwa mtaani tujibu nini.

Chai na maandazi vilikuwa vizuri, nauli tumelipwa palepale, hapo hapana neno.

Pembeni yangu alikaa bi mkubwa mmoja ni somo, kafunda mabiharusi hapa Wete tangu mie sijazaliwa, kila mwari anamsikiliza yeye kabla ya nesi yoyote. Hakuulizwa kitu siku zote mbili. Wakati wa kuondoka kaomba apewe ile pete akawaoneshe, kaambiwa ipo moja tu ya mfano. Nimemwambia wakirudi twende tena, kasema atakuja ila wamletee ya kushika na yeye atawapa jina lake la Kiswahili, keshalifikiria.